Chupa na Kibanzi: Kuweka Mvinyo, Kuweka Udi

Qantab ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya majabali na Bahari ya Oman, kusini-mashariki ya mji mkongwe wa Maskati. Ukivuka milima kidogo unafika Barr Al Jissah, kwenye hoteli kubwa ambako mgeni anaweza kuagiza mvinyo wa Bordeaux uliotunzwa katika kabati la baridi. Kijijini desturi hiyo haipo. Mvinyo ni haramu kwa Waislamu, na sheria ya Oman inauruhusu katika hoteli zenye leseni na kwa mkazi asiye Mwislamu mwenye kibali. Lakini ukiuliza kama nyumba za pwani hii zinajua kununua kitu cha thamani, kukiweka miaka, kukitambua kwa pua na kukitoa kwa siku yake, jibu ni kwamba zinajua tangu zamani. Kitu chenyewe ni udi.

Suala la halali na haramu lina wenyewe, nami nawaachia. Ninachotazama ni utunzaji: mtu anakihesabuje kipindi cha kungoja, anaaminije alichouziwa, na anajuaje kwamba siku ya kukitumia imewadia.

Anayeweka mvinyo nyumbani kwake Ufaransa au Uingereza hutafuta giza, utulivu, joto lisilopandapanda la nyuzi 12 hadi 14 hivi, na unyevu wa asilimia 70 au karibu yake. Chupa hulazwa ubavu ili mvinyo uguse kizibo, kwa sababu kizibo kikikauka husinyaa, hewa ikaingia, na kazi ya miaka ikaharibika. Nyumba za kale za Ulaya ya kaskazini ziliyapata hayo yote kwa kuchimba tu chumba chini ya sakafu. Ardhi yenyewe ndiyo iliyotunza.

Pwani ya Maskati haina ukarimu huo. Mwishoni mwa Juni 2018, huko Quriyat, mji wa wavuvi ulio pwani hii hii mbele ya Qantab, usiku mzima joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Katika hali hiyo chupa isiyopozwa kwa umeme haimalizi msimu. Udi kwa upande wake hauna haja ya chumba cha chini. Unataka kufungwa vizuri, kukaa pakavu, na kuwa mbali na jua na harufu za vitu vingine, na kwa hayo Mwomani ana mandusi wake, kama sisi tulivyo na kasha la Zanzibar na Lamu: mbao nzito, misumari ya shaba kwa safu, na ndani, pembeni, kijisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Familia za Kiomani zilizorudi Maskati kutoka Zanzibar baada ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, zilikuta huko sanduku wanalolijua na harufu wanayoijua. Mpaka leo Maskati utasikia Kiswahili kinazungumzwa juu ya chetezo kinachofuka.

Ulinganisho unanivutia zaidi ninapotazama namna vitu hivi vinavyozaliwa. Mti wa Aquilaria, unaoota kutoka Assam hadi Kambodia, Malaysia na visiwa vya Indonesia, una mbao nyeupe, nyepesi, zisizo na harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi, na utomvu huo ukikolea ndani ya mbao kwa miaka mingi ndio udi. Mti mzima usiougua ni kuni tu. Sasa nenda Sauternes, kusini ya mji wa Bordeaux, ambako ukungu wa asubuhi hupanda pale mto Ciron wenye maji baridi unapoingia Garonne. Unyevu huo huleta kuvu, Botrytis cinerea, inayotoboa ganda la zabibu na kuifyonza maji mpaka ibaki na sukari na harufu nzito. Wavunaji hupita shambani mara kadhaa, wakichuma tu zilizokwisha kunyauka. Château d'Yquem, shamba linaloheshimiwa kuliko yote huko, halikutoa mvinyo wake mtamu wa mwaka 2012 kwa sababu zabibu hazikufikia kiwango. Mkulima wa Sauternes na mkata udi wa Assam hawajuani, na wote wawili wanaishi kwa kungojea ugonjwa ule ule mwema. Tofauti ni kwamba Mfaransa hukutana nao kila vuli, huku mkata udi wa zamani akiingia msituni asijue mti upi umeugua na upi ni mzima.

Hapo ndipo mwaka unapopata uzito tofauti. Chupa ya Bordeaux huandikwa mwaka wa mavuno, na mnunuzi huutazama kabla ya kutazama bei. Desturi hii inategemea nchi yenye mavuno mamoja kwa mwaka. Dodoma kwetu, ambako mizabibu huweza kuvunwa mara mbili, mwaka peke yake hautoshi kueleza chupa. Udi hauandikwi mwaka wowote. Umri wake unakaa kwenye kumbukumbu ya wenye nyumba: ule ulinunuliwa harusi ya dada, huu aliuleta marehemu babu kutoka Bombay. Wenye mvinyo wana daftari, wenye udi wana masimulizi, na sioni sababu ya kuyadharau masimulizi, maana ndiyo yanayomfundisha mtoto kwamba kilicho sandukuni kina watu nyuma yake.

Madaraja nayo hutofautiana. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba ya mvinyo mwekundu katika ngazi tano kwa kufuata bei zake sokoni. Orodha hiyo imesimama karibu kama ilivyoandikwa. Badiliko kubwa linalokumbukwa ni la 1973, Mouton Rothschild ilipopandishwa kutoka ngazi ya pili hadi ya kwanza. Udi haujawahi kuwa na orodha ya namna hiyo. Huitwa kwa nchi yake, Hindi, Kambodi, na mengineyo, kisha ndani ya nchi hiyo kila kipande husimama peke yake. Ubani wa Dhofari uko katikati ya hizo mbili: Hojari, Najdi, Shazri na Shaabi ni majina ya sehemu, kuanzia nyika kavu nyuma ya milima hadi ukanda wa pwani, na mfanyabiashara wa Salala atakwambia daraja kwa rangi na ukavu wa tone. Lakini ubani haufai sana kuzeeshwa. Mafuta yake mepesi hupotea, na ule mweupe wenye kijani huthaminiwa ukiwa mpya. Si kila kitu kizuri kinafaa kungojwa, na hata Wafaransa wana mvinyo wa kunywewa mwaka ule ule.

Nimekuwa nikijiuliza ni tofauti ipi hasa inayozaa nyingine zote, nami naona ni hii: chupa haigawanyiki, udi unagawanyika. Ukivuta kizibo umeamua, na jioni hiyo mvinyo wote lazima uishe. Ukitoa udi, unavunja kibanzi cha ukubwa wa ukucha, na gogo linarudi sandukuni likiwa karibu zima. Mengi mno yanatokana na jambo hili dogo.

Kwanza ni uaminifu wa soko. Katika soko la Matrah, Maskati, mnunuzi haombwi aamini. Muuzaji hupuliza kaa mpaka litulie, huweka kibanzi juu yake, na wote wawili hungoja. Moshi wa kwanza hausemi kitu. Kipande kilichochovywa mafuta hutoa harufu yote mara moja kisha hubaki harufu ya mbao zilizoungua. Udi wa kweli huanza kwa ukali, hulainika, na hubadilika mpaka mwisho huku utomvu ukichemka juu ya kibanzi. Mwenye shaka hutazama pia uzito, kwa kuwa wapo wanaotia risasi ndani ya gogo. Pua ya mnunuzi na ya muuzaji husimama mbele ya ushahidi mmoja. Mnunuzi wa chupa ya kale hana njia hiyo, kwani kuijaribu ni kuimaliza. Ndiyo maana mvinyo umejengewa ulimwengu mzima wa hati: risiti, historia ya ghala, maghala ya forodha Uingereza ambako chupa hukaa miaka bila kulipiwa ushuru wala kuguswa na mwenyewe. Philippe de Rothschild alianza mwaka 1924 kuutia mvinyo wote wa Mouton kwenye chupa hapo hapo shambani, ili mkono wa mfanyabiashara usiingie katikati. Hata hivyo hati hughushiwa. Rudy Kurniawan alichanganya mvinyo nyumbani kwake California, akazitia chupa lebo za mashamba makuu, na minada ikauza. Mahakama ya New York ilimtia hatiani Desemba 2013, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Baadhi ya chupa hizo zilikuwa zimelala kwenye maghala mazuri kwa muda, na hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyezifungua.

Pili ni historia inayoweza kubebwa na kitu kimoja. Katika hazina ya Shosoin, mjini Nara, Japani, kuna gogo la udi liitwalo Ranjatai, urefu wa sentimita 156 na uzito wa kilo 11.6. Watawala walikata vipande vyake kwa nyakati tofauti: Ashikaga Yoshimasa katika karne ya 15, Oda Nobunaga mwaka 1574, Mfalme Meiji mwaka 1877. Vikaratasi vimebandikwa pale walipokata. Sijui chupa iwezayo kuwakusanya watu watatu waliopishana kwa karne nne na kumpa kila mmoja sehemu yake, kisha ikabaki. Mvinyo una utukufu mwingine: walioketi meza moja usiku mmoja walikunywa kitu ambacho hakitakuwako tena, na wanajua hivyo wakati wanakunywa.

Tatu ni mgeni. Chetezo hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akifukiza nguo, ndevu au mtandio wake, na kwa kawaida hutoka mwishoni mwa mazungumzo, ishara njema kwamba mgeni anaweza kuaga. Mwenye nyumba hutoa kibanzi kizuri kwa mgeni wa heshima na kingine kwa jirani wa kila siku, bila yeyote kuhisi amepunjwa. Mwenye mvinyo hupata taabu zaidi: akifungua chupa ya miaka 30 mbele ya wasioijua atajuta, asipoifungua ataiacha ifike kilele chake na kushuka. Chupa hulaumiwa pia kwa kasoro isiyoonekana kwa nje, kizibo kilichoingiwa na uvundo. Kumchagulia chupa wageni wake na siku yake ni sanaa ya kweli, na inastahili heshima inayopewa.

Mwenye funguo naye hutofautiana. Ghala la mvinyo la Ulaya lilikuwa kwa kawaida eneo la bwana wa nyumba na mtumishi wake mkuu. Sanduku la manukato, Oman na Uswahilini, liko mikononi mwa wanawake, na ujuzi wa udi wa mawardi, ule unaoungwa kwa sukari, marashi, sandali na manukato mengine kisha ukafungiwa chomboni utulie, hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Anayeunga udi hupima na kuonja kwa pua kama bwana wa shamba la Bordeaux anavyopima Cabernet na Merlot. Mmoja tu kati yao huandikwa jina kwenye vitabu.

Siku hizi udi wa msituni umekuwa adimu. Mti wa Aquilaria malaccensis umo katika CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995, na aina nyingine zote za Aquilaria zilifuata muongo mmoja baadaye. Mwingi wa unaouzwa sasa ni wa mashamba, miti iliyotobolewa na kuambukizwa kuvu kwa makusudi. Bordeaux nayo inakabili joto linalopanda, na mwaka 2021 ilikubaliwa rasmi kutumia kwa kiasi kidogo aina mpya za zabibu zinazolivumilia zaidi. Kwa hiyo anayenunua leo, huku na huko, anaweka kitu ambacho huenda kisipatikane tena kwa sura ile ile.

Nikiombwa ushauri wa kununua, naona kila upande umekwisha kuazima hekima ya mwenzake bila kujua. Mnunuzi mzoefu wa mvinyo hachukui chupa moja. Huchukua kasha la chupa 12, akafungua ya kwanza mapema, nyingine baada ya miaka mitatu, nyingine baada ya mitano, akiandika alichokuta. Kasha hilo ndilo gogo lake, na kila chupa ni kibanzi. Naye mpenzi wa udi hununua pia mafuta yake, tola moja ya takriban gramu 12 ndani ya kichupa kilichofungwa, na huyaacha miaka mingi mpaka ukali wa zizi uliomo mwanzoni utulie. Anayeanza Maskati na anunue vibanzi vichache vya nchi mbili au tatu, avichome nyumbani kwake juu ya kaa lake mwenyewe siku tofauti, kabla hajaweka pesa kwenye gogo.