Kinga ya Figo Itangulie Damu

Upandikizaji wa figo una hatari mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni iskemia, yaani kiungo kukosa damu. Ya pili huja pale damu inaporejea. Mwaka 1960 Robert Jennings na wenzake walionyesha, kwa kuchunguza mioyo ya mbwa, kwamba damu iliyorudishwa huweza kuharakisha kufa kwa seli zilizokwisha kuumia. Tangu hapo kinga imetafutwa zaidi katika makundi mawili ya dawa: antioksidanti na dawa za kutanua mishipa. Makala haya yanatetea hoja kwamba makundi hayo hayafai kupimwa kila moja kivyake, na kwamba wakati wa kutoa dawa una uzito sawa na dawa yenyewe.

Tuanze na kemia. Seli isiyopata oksijeni humaliza akiba yake ya nishati, ATP, na mabaki huvunjwavunjwa hadi kuwa hipozanthini. Ndani ya mitokondria, suksinati hurundikana. Oksijeni inaporejea, suksinati hiyo huoksidishwa kwa kasi na, kama Edward Chouchani na wenzake walivyoonyesha mwaka 2014, elektroni hurudi kinyumenyume na kuzalisha superoksidi, aina ya oksijeni inayodhuru seli. Hipozanthini nayo, ikishughulikiwa na kimeng'enya oksidasi ya zanthini, huongeza mzigo huohuo. Mlipuko huu hutokea dakika za mwanzo.

Superoksidi haiishii kuharibu utando wa seli. Huinasa pia oksidi ya nitriki, ambayo kazi yake ni kulegeza kuta za mishipa, na muungano wao huzaa peroksinitriti, sumu iliyo kali zaidi. Mishipa hubana, kapilari huziba, na sehemu za figo hubaki bila damu ingawa ateri imefunguliwa. Kwa hiyo antioksidanti inayoondoa superoksidi hulinda pia upana wa mshipa. Kinyume chake, dawa inayoongeza oksidi ya nitriki peke yake, palipojaa superoksidi, yaweza kuongeza peroksinitriti.

Dopamini inaonyesha uzito wa wakati. Kwa miaka mingi ilitolewa kwa dozi ndogo ili kutanua mishipa ya figo. Mwaka 2000, utafiti wa Australia na New Zealand kwa wagonjwa mahututi 328 ambao figo zao zilikwisha kuanza kudhoofika haukuona faida. Mwaka 2009, Peter Schnuelle na wenzake waliripoti matokeo ya kuwapa dopamini wachangiaji waliothibitishwa kufa ubongo, kabla figo hazijatolewa. Wapokeaji waliohitaji kusafishwa damu zaidi ya mara moja walikuwa asilimia 24.7, dhidi ya 35.4 wa kundi la ulinganisho. Wagonjwa wa tafiti hizi hawafanani, hivyo ulinganisho una mipaka. Hata hivyo, watafiti wa pili waliitumia dopamini kama kinga ya seli za mishipa dhidi ya oksidishaji wakati figo zinapohifadhiwa kwenye baridi.

Mwenye shaka atataja dismutasi ya superoksidi, kimeng'enya kinachoondoa superoksidi. Mwaka 1994, Walter Land na wenzake huko Munich waliitoa wakati wa upandikizaji, na kukataliwa kwa figo kwa ghafla kulishuka kutoka asilimia 33.3 hadi 18.5. Mwaka huohuo, jaribio la dawa hiyohiyo kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo halikuboresha utendaji wa moyo. Je, dawa haitabiriki? Jibu moja ni kwamba katika mshtuko wa moyo ateri imekwisha kuziba, na dawa haifiki nyuma ya donge la damu kabla damu haijapita. Kwenye upandikizaji, kiungo kimo mikononi mwa daktari na dakika ya kufungua ateri inajulikana. Ndiyo maana kimiminika cha kuhifadhia viungo kilichobuniwa Wisconsin na Belzer na Southard kina alopurinoli, glutathioni na adenosini: kinga hutangulia.

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Tanzania, ilianza kupandikiza figo Novemba 2017 kwa kutumia wachangiaji walio hai, na katika upasuaji wa namna hiyo muda wa baridi huwa mfupi. Hapo dawa ghali si hitaji la kwanza. Mpokeaji apewe maji ya kutosha na shinikizo lake la damu lilindwe kabla ya kibanio cha ateri kuachiwa, kwani dawa ya kutanua mishipa inayoangusha shinikizo huirudisha figo kwenye iskemia. Watafiti nao waandike dakika kamili ya kila dozi. Jaribio lisilotaja dakika hiyo haliwezi kuamua kama dawa imeshindwa au imechelewa.