Daftari Linaanzia Wapi?

Shamba la mlowezi huacha karatasi nyingi. Wajerumani waliolima kahawa Oldeani, enzi hizo ikiwa ndani ya Wilaya ya Mbulu, walinyang'anywa mashamba vita vilipozuka 1939, nayo yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, hesabu zikaanza upya. Vitabu vya mashamba ya namna hiyo hutueleza bei ya kahawa na ujira wa kibarua, lakini habari ya ardhi huanzia siku hati ilipotolewa. Aliyechunga hapo jana yake hana safu. Kwa maoni yangu upofu huo ulikuwa wa daftari lenyewe, wala haukuondoka na mlowezi. Ushahidi uko Hanang.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba ya ngano nyanda za Basotu, huko Hanang, yaliyofikia takriban ekari 100,000. Hayo yalikuwa malisho ya wafugaji Wabarabaig. Sehemu bora kuliko zote waliiita muhajega: waliihamia kwa msimu, kisha wakaiacha ipumue. Mpimaji akija majani yakiwa yamepumzishwa ataona pori. Vivyo hivyo bung'eda, kaburi la mzee wa heshima linalojengwa kwa udongo kwa miezi kadhaa hadi liwe kilima. Kwa dereva wa trekta ni kichuguu tu, na makaburi mengine yalilimwa.

Atatokea wa kuuliza: mlowezi alilimia mfuko wake, NAFCO ililimia taifa, vinafananaje? Kweli, miji ilihitaji mkate, na hilo si dogo. Ila sheria ya ardhi iliyotumika ni ileile ya enzi za mlowezi, ya 1923, iliyoiweka ardhi yote ya Tanganyika mikononi mwa Gavana. Marekebisho ya 1928 yalitambua umiliki wa kimila bila hati, lakini kijiji cha Mulbadaw kilipoishtaki NAFCO na kushinda Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu 1985: kijiji hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi, nao wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Wabarabaig, Hanang, watakiwe kuthibitisha uenyeji!

Wengine watasema mahakama ilifuata ushahidi tu, na haki haikuwapo. Basi mbona mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilitoa amri ya kufuta haki za kimila katika mashamba hayohayo? Kisichokuwapo hakifutwi.