Mtoto wa Darwin aliyechelewa kuongea

Charles Darwin unamjua kwa ndevu zake na nadharia ya mageuko. Leo hebu tumwangalie kama baba wa watoto kumi, kwa sababu kuna swali wazazi wengi wanalo na yeye alikuwa nalo pia: mwanangu mbona bado haongei?

Tuanze na mtoto wa kwanza. William alizaliwa Desemba 1839, na Darwin akafungua daftari. Akaandika lini mtoto ameogopa, lini amekasirika, lini ametabasamu mbele ya kioo. Kwenye miezi saba, mtoto alishajua jina la yaya wake ni la nani. Alipotimiza mwaka mmoja kamili akajitungia neno la chakula: "mum". Akiwa na njaa, hiyo ndiyo ilikuwa amri. Mwaka 1877 Darwin alichapisha kumbukumbu hizo katika jarida la Mind, na mpaka leo tunaosoma makuzi ya watoto tunakutana nazo. Hakuwa wa kwanza: Mjerumani Dietrich Tiedemann alishachapisha za mwanawe mwaka 1787. Lakini jina la Darwin liliupa mtindo huo uzito.

Sasa tuje kwa mtoto wa kumi, ambaye hatajwi sana. Charles Waring alizaliwa Desemba 1856, mama yake Emma akiwa na miaka 48. Huyu alikuwa mdogo kuliko umri wake, akachelewa kutembea, akachelewa na kuongea. Juni 28, 1858 akafariki kwa homa ya skaleti, ile inayoleta koo kuuma na vipele vyekundu. Hakuwa ametimiza hata miezi 19.

Hebu angalia tarehe hiyo. Siku chache kabla, Darwin alikuwa amepokea barua ya Alfred Russel Wallace yenye wazo lilelile la uteuzi asilia ambalo yeye alikuwa amelifanyia kazi kwa miaka 20. Maandishi ya wote wawili yalisomwa London Julai 1. Darwin hakuwepo. Alikuwa kwenye msiba.

Kisha aliandika ukurasa wa kumbukumbu ya mwanawe, na kusema ukweli mimi huo unanigusa kuliko makala ya 1877. Anakiri wazi kwamba mtoto alichelewa. Ila haishii hapo. Anasema alikuwa na akili na mwenye kuangalia mambo kwa makini. Anakumbuka alivyokuwa akitambaa sakafuni, alivyotulia mapajani akimtazama baba yake usoni. Na jambo moja zaidi: alipokuwa na furaha sana, alichezesha mdomo kama mtu anayeongea kwa nguvu, bila sauti kutoka.

Baadhi ya waandishi wa baadaye wamekisia kuwa alikuwa na hali tunayoiita leo Down sindromu. Hatuwezi kumpima sasa. Daktari John Langdon Down aliieleza hali hiyo mwaka 1866, na chanzo chake, kromosomu moja ya ziada, kilijulikana mwaka 1959. Darwin hakuwa na jina la kumpa mwanawe. Alikuwa na macho tu.

Sisi leo tuna zaidi. Arnold Gesell alifungua kliniki yake Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1911, akapanga mtoto anafanya nini katika umri gani. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo kutokana na watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani: kutembea bila kushikwa huanza popote kati ya miezi 8 na 17 na zaidi kidogo. Umeona nafasi ilivyo pana? Ndiyo maana mtoto wa jirani si kipimo.

Ila upana huo usikulaze. Mpwa wangu alifika miaka miwili na maneno matatu. Bibi akasema, "Mwacheni, hata baba yake alichelewa." Huenda ni kweli. Dada yangu alimpeleka kupimwa masikio kwanza, na alifanya vizuri, kwa sababu asiyesikia vizuri atajifunzaje maneno? Na kama nyumbani kwenu mnaongea Kisukuma na Kiswahili, usiache kimoja kwa hofu. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto.

Kwa hiyo chukua daftari. Andika tarehe, na andika anachofanya, si asichofanya tu: anaonyesha kwa kidole? Anageuka akiitwa? Anacheka na nani? Ukifika kwa daktari, kurasa hizo zitamsaidia kuliko "naona kama anachelewa." Na siku mtoto akichezesha mdomo bila sauti, andika na hilo pia.