Alikula Fare, Akaja Keja, Akalewa: Je, Hiyo Ni Ridhaa? Soma Sheria ya Kenya Inavyosema

Kama uko mitandaoni, huu mjadala umeuona mara mia. Jamaa katuma fare, mrembo kafika, wamekunywa, usiku kumetokea kitu, na asubuhi mmoja analia huku mwingine akishangaa ni nini mbaya. Kwa comments watu wanagawanyika timu mbili. Hawa wanasema "alikuja mwenyewe, alidhani anakuja kusoma Biblia?" Wale wanasema "hapana ni hapana." Wiki ikiisha kila mtu anasonga, na hakuna aliyefungua sheria kuona imeandikwa nini.

Leo tunaifungua. Hii si story ya kuchapa tu na kupita, kwa sababu kifungo cha chini kabisa cha ubakaji Kenya ni miaka 10. Na kwa aliyetendewa, kuna dawa ambazo saa zake zikipita hazirudi. Kwa hivyo soma hadi mwisho, uwe manzi ama uwe chali.

Sheria yenyewe ilitoka wapi?

Tunaongelea Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka wa 2006. Aliyeipeleka Bungeni ni Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge mteule, leo ni jaji wa Mahakama ya Juu. Haikupita kirahisi. Kuna mbunge alisimama akadai kuwa mwanamke wa Kiafrika akikataa huwa anamaanisha ndiyo, na wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Ona basi, mjadala wa mitandaoni ulianzia mbali.

Kabla ya hapo, ubakaji ulikuwa kwenye Kanuni ya Adhabu, umewekwa katika kundi la makosa ya kuharibu maadili, na mwathiriwa alikuwa mwanamke au msichana pekee. Sheria ya 2006 ilibadilisha hayo. Inasema "mtu", kwa hivyo boychild naye yuko ndani. Mwanamume akibakwa, ni ubakaji. Usicheke.

Ridhaa ni nini hasa?

Kifungu cha 42 kinajibu kwa mstari mmoja tu: mtu ameridhia ikiwa amekubali kwa hiari yake, na ana uhuru na uwezo wa kufanya uamuzi huo.

Soma tena polepole, kwa sababu hapo kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni hiari: amechagua mwenyewe, hajachaguliwa. Cha pili ni uhuru: angeweza kukataa bila kupata madhara. Cha tatu ni uwezo: akili yake ilikuwa macho na umri umefika. Kimoja kikikosekana, ridhaa hakuna, hata kama mdomo ulisema "sawa".

Ndiyo maana kifungu cha 3, kile cha ubakaji, hakiishii kwa mtu aliyekataa. Kinataja pia mtu aliyekubali kwa sababu ya nguvu, vitisho au kuogofywa kwa namna yoyote. Kwa maneno mengine, "ndiyo" ya mtu aliyeshikiwa kisu haihesabiki. Vilevile "ndiyo" ya mtu aliyeambiwa video zake zitawekwa Telegram.

Sasa twende kwa zile hoja za mtaani, moja baada ya nyingine.

"Alikula fare yangu"

Fare ni nauli. Inalipa matatu, boda au teksi, inamfikisha mtu kwako, basi. Hakuna mahali sheria imesema pesa, chakula, pombe au simu mpya inanunua hiari ya mtu. Kama alikula fare na hakutokea, umechezwa, na inauma, lakini hilo ni deni la kati yenu. Akitokea, bado ana haki ya kula kuku, kunywa soda na kurudi kwao.

Hata kuingia kwa keja, kuvua viatu, kupigana busu, hakuna hata moja kati ya hayo ambayo ni cheti cha yanayofuata. Mtu anaweza kukubali hatua moja na kukataa nyingine. Na ridhaa ya Ijumaa iliyopita si ya leo.

"Alikuwa amelewa, lakini hakukataa"

Hapa ndipo chali wengi wanaingia shimo bila kujua. Kifungu cha 43 kinataja watu ambao sheria inawaona hawawezi kuelewa kinachotendeka. Wamo waliolala, waliopoteza fahamu, watoto, wenye ulemavu wa akili, na pia walio chini ya pombe, dawa au kitu kingine kiasi cha fahamu au uamuzi wao kuathirika.

Angalia hayo maneno ya mwisho. Hayajasema ni lazima awe amezimia. Wala hayajasema kila aliyeonja bia moja hana akili. Swali ambalo korti inauliza ni kama pombe ilikuwa imemfikisha pahali hawezi kuamua. Mtu anayetapika, asiyeweza kutembea bila kushikwa, anayemwita kila mtu jina la mwingine, huyo hawezi kukupa ridhaa. Ile tabia ya "chips funga", kungoja mtu azimike kwa klabu ndiyo umbebe, inaweza kukubeba wewe hadi Kamiti.

Na wanaoweka watu mchele? Kifungu cha 44 kinawangoja. Ikithibitika kuwa mtu aliwekewa kitu cha kumlewesha bila kujua, na mshukiwa alifahamu hilo, sheria inaanza kwa kuchukulia kuwa hakuridhia. Ni mshukiwa sasa atafute ushahidi wa kutosha kuonyesha vinginevyo. Ni vivyo hivyo kama alikuwa amelala, amefungiwa mahali kinyume cha sheria, au alikuwa anaogopa kupigwa.

"Mbona hakupiga nduru?"

Hili ndilo swali la kwanza ambalo mwathiriwa huulizwa na majirani, wakati mwingine hata na familia. Jibu ni kwamba sheria haidai nduru. Haidai alama za kucha shingoni wala nguo iliyoraruka. Kifungu cha 43 kinataja mazingira ya kulazimishwa, na kati yake kuna kutumia nguvu, kutishia kumdhuru mtu mwenyewe au mtu wake, na kutumia vibaya mamlaka hadi mwingine akashindwa kuonyesha kuwa anapinga.

Yaani sheria yenyewe inajua kuna watu hunyamaza kwa woga. Mwili ukiogopa sana huweza kuganda kabisa, sauti isitoke. Kunyamaza si kukubali.

Na wale wanaosema "hakuna shahidi, kesi itaanguka", waisome Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124. Katika kesi za makosa ya kijinsia, korti inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aridhike kuwa anasema ukweli na aandike sababu zake. Tena kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia kinazuia wakili kuchimbua historia ya mapenzi ya mwathiriwa bila ruhusa ya korti. Idadi ya maex wake si ushahidi.

"Ni bosi wake, na alikubali"

Hapa kulazimishwa kunavaa suti. Hakuna kisu, hakuna kelele. Kuna kazi, gredi, kitanda cha hospitali au ufunguo wa seli. Kifungu cha 24 kinawalenga watu wa namna hii: polisi, askari jela, wahudumu wa hospitali, na walimu. Mwalimu akitumia nafasi yake kumshawishi mwanafunzi, adhabu ni miaka isiyopungua 10, hata kama mwanafunzi "alikuwa anampenda".

Kwa mwenye mamlaka anayemsumbua mtu mara kwa mara kimapenzi, akijua hatakiwi, huku kazi au huduma ikitegemea jibu, kifungu cha 23 kinasema miaka isiyopungua 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kupinga unyanyasaji wa kijinsia. Hebu uliza HR wenu iko wapi.

Kuna pia ulaghai. Mtu akikudanganya kuhusu kitendo chenyewe, kwa mfano akikwambia ni "matibabu" au "maombi ya kufungua baraka", au akijifanya mtu unayemjua, kifungu cha 45 kinafunga mlango: ridhaa hakuna, na mshukiwa ajue hivyo. Wewe mganga na wewe nabii wa mchongo, mmesikia?

"Ni mtoto, lakini alitaka mwenyewe"

Chini ya miaka 18, ridhaa haipo. Hilo linaitwa unajisi. Mtoto wa miaka 11 au chini, kifungo ni cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Utetezi uliopo ni mmoja: mtoto alikudanganya umri na ulikuwa na sababu ya kweli ya kuamini. Korti itakuuliza ulifanya nini kuhakikisha. "Alikaa mkubwa" haitoshi.

Hapa mjadala haujaisha. Mwaka wa 2019, majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, Nambuye, Musinga na Kiage, walisema umefika wakati nchi ijadili kushusha umri wa ridhaa hadi 16, wakiangalia vijana wa rika moja wanaopendana na mvulana anaishia jela. Wengine wakapinga vikali, wakisema hiyo ni kuwafungulia mafisi mlango. Hadi sasa sheria ni 18. Na Julai 2024, Mahakama ya Juu ikasema korti za chini haziwezi kushuka chini ya vile vifungo vilivyowekwa.

Na kwa ndoa je?

Hii ndiyo sehemu yenye moto zaidi. Kifungu cha 43, aya ya 5, kinasema kifungu hicho hakiwahusu watu waliooana kisheria. Kwa lugha rahisi, yale mazingira ya kulazimishwa tuliyoyataja juu hayatumiki kwa mume na mke. Ndiyo maana utasikia watu wakisema Kenya haitambui ubakaji wa ndoani.

Lakini usifikiri pete ni leseni. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inataja wazi ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa ukatili, na aliyetendewa anaweza kuomba korti amri ya kumlinda. Katiba nayo, kifungu cha 45, inawapa wanandoa haki sawa ndoa ikiwa inaendelea. Sheria mbili zinavutana, na anayeumia katikati ni mtu aliye ndani ya nyumba.

"Tumalizane nyumbani"

Kuna boma ambako kesi inaishia kwa mbuzi wawili na mkono wa pole. Kaskazini Mashariki kuna maslaha. Kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kusimamisha kesi si wa familia. Ulikuwa wa Mwanasheria Mkuu, na leo ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wazee hawana hiyo saini.

Tumeona kinachotokea kesi ikichukuliwa kama mchezo. Mwaka wa 2013 huko Busia, washukiwa wa kumbaka kwa genge msichana wa miaka 16, aliyejulikana kwa jina la kubuni la Liz, waliambiwa na polisi wakate nyasi kisha wakaachiliwa. Ilibidi watu waandamane hadi Nairobi. Mwaka wa 2015, watatu kati yao walifungwa miaka 15. Kutoka kwa nyasi hadi miaka 15: sheria ilikuwa ileile, ila sasa kuna aliyeifuata.

Na mabroo wanaosingiziwa?

Swali halali. Upande wa mashtaka bado unapaswa kuthibitisha kesi bila shaka, na mshukiwa ana haki ya wakili na ya kumhoji shahidi. Kumpa polisi habari za uongo ni kosa pia. Lakini ulinzi wako mkubwa hauko kortini, uko kwa mdomo wako: uliza. Ukiona anasitasita, acha. Ukiona amelewa, mpe maji na blanketi ulale kwa kiti. Hakuna chali amewahi kufungwa kwa kungoja asubuhi.

Ikikutokea, fanya hivi

1. Nenda hospitali kwanza, kabla ya saa 72. Ndani ya muda huo unaweza kupewa PEP za kuzuia virusi vya HIV, ambazo humezwa siku 28. Dawa za kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120.

2. Usioge, usifue nguo. Nguo ziweke kwa karatasi au gazeti, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi.

3. Hakikisha daktari amejaza fomu ya PRC. Matibabu hayangoji polisi.

4. Ripoti kituoni, uandikishwe kwa OB na upewe nambari. Utapewa fomu ya P3 ijazwe na daktari.

5. Piga 1195, ni bure. Kwa mtoto piga 116.

Kama ni rafiki yako amekuja kwako akitetemeka, usimuulize alikuwa amevaa nini. Muulize ni saa ngapi zimepita, kisha mtafutie fare ya hospitali. Hiyo ndiyo fare isiyodai kitu.