Skoliosisi ya Vijana

Skoliosisi ni kupinda kwa uti wa mgongo kuelekea ubavuni, huku pingili zake zikijisokota. Hutambuliwa mpindo ukifika nyuzi 10 kwenye eksirei, kwa kipimo alichokieleza daktari Mmarekani John Cobb mwaka 1948. Inayoonekana zaidi ni ile ya umri wa balehe, ambayo chanzo chake hakijajulikana ingawa mara nyingi huandama ukoo. Huwapata vijana 2 hadi 3 katika kila 100, na mipindo mikubwa huwaelemea zaidi wasichana. Mkoba mzito hauileti, wala kukaa vibaya darasani, hivyo mtoto asigombezwe. Kibiongo cha kifua kikuu cha mifupa ni ugonjwa mwingine: huukunja mgongo kwenda mbele na hutibiwa kwa dawa za TB.

Kwa kuwa kwa kawaida haina maumivu makali, huchelewa kugunduliwa. Pengine dalili ya kwanza ni sketi ya shule inayoning'inia upande mmoja. Kuichunguza hakuhitaji mashine: mtoto aache mgongo wazi, asimame miguu pamoja bila kukunja magoti, kisha ainame, mikono ikining'inia. Anayemtazama kwa nyuma akiona mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za pili, ampeleke hospitali.

Tiba hutegemea ukubwa wa mpindo na ukuaji uliobaki. Msichana ambaye hajavunja ungo yuko hatarini kuliko aliyekwisha kurefuka. Mpindo usiofika nyuzi 25 hufuatiliwa tu. Kati ya 25 na 40, kijana anayekua huvalishwa kizibao kigumu cha plastiki, ndani yake fulana ya pamba isiyo na mikunjo. Kazi yake ni kuzuia mpindo usiongezeke, si kuunyoosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kinasaidia, na kadiri saa za kukivaa kwa siku zilivyozidi ndivyo kilivyofaa. Kwenye joto la pwani hilo si jambo dogo, na kijana anastahili kusikilizwa anapolalamika.

Mpindo unaopita nyuzi 50 huweza kuendelea hata utu uzimani, ndiyo maana upasuaji hupendekezwa. Skrubu na fito za chuma hushikilia pingili mpaka ziungane kwa mfupa. Sehemu hiyo haikunjiki tena. Hata hivyo wengi hurudi shuleni baada ya wiki kadhaa, na michezoni baada ya miezi.