Nani Anasema Bei Itapanda?

Huku kwetu Kirua Vunjo bei ya kahawa huzungumzwa kila siku kama mvua. Pita kilabuni jioni, wazee wameshika kata zao za mbege, utasikia mmoja anasema, “Mwaka huu itapanda.” Mwenzake anadakia, “Thubutu! Uza sasa hivi, mwezi ujao utalia.” Wote wawili wanasema kwa sauti ya mtu aliyeona kwa macho yake. Mimi, kijana niliyemaliza kidato cha nne na ninayetamani siku moja kuandika riwaya, huwa najiuliza: hapa nimepewa habari, au nimeuziwa maoni? Historia ya mlima wetu inaonyesha kwamba swali hilo limewahi kuamua nani ale na nani alale njaa.

Kahawa ililetwa na wamisionari Wakatoliki, waliokuwa na misheni jirani zetu Kilema tangu miaka ya 1890. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa wilaya hapa Moshi, aliwahimiza Wachagga waipande kwenye vihamba vyao. Walowezi wa Kizungu wakaja juu. Eti Mwafrika hawezi kutunza kahawa, eti miti yake itaeneza wadudu na magonjwa hadi kwenye mashamba yao.

Sasa tuyachambue maneno hayo. Wadudu walikuwepo kweli. Hilo lilionekana kwenye majani. Lakini kwamba Mchagga hawezi kuwazuia, hayo yalikuwa maoni, tena ya mtu mwenye maslahi. Mchagga mwenye kahawa yake angekuwa mshindani sokoni, na asingekimbilia kibarua cha mlowezi. Mwaka 1925 Wachagga waliunda chama chao cha wakulima, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, na moja ya kazi zake ikawa kupambana na hao wadudu. Jirani zetu wa Kenya hawakuwa na bahati hiyo. Kule hoja za namna hiyohiyo zilisikilizwa na serikali, Waafrika wakazuiwa kulima kahawa, mpaka ruhusa ndogo zilipoanza miaka ya 1930 sehemu kama Meru, Embu na Kisii. Kumbe maoni yakishikwa na mwenye nguvu hugeuka sheria, na watu wakakosa ada za watoto kwa miaka mingi.

Lakini tusidhani upendeleo ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Mwaka 1933 KNCU ilichukua nafasi ya KNPA, na baadaye ikaamriwa kila Mchagga auze kahawa yake kupitia chama. Mkulima alipewa malipo ya awali siku ya kupima, na mengine baada ya kahawa kuuzwa. Bei ilipokuwa mbaya, manung’uniko yakazidi, na Septemba 1937 watu wenye hasira wakashambulia maghala ya vyama katika baadhi ya sehemu za mlima. Serikali ikatumia nguvu kuwanyamazisha.

Nani alikuwa na haki? Mkulima alikuwa na ukweli mmoja usiopingika: fedha mkononi ni kidogo, na hana ruhusa ya kuuza kwingine. Ila aliyemnong’oneza kwamba umaskini wote huo umetoka ofisini Moshi alikuwa anakisia. Dunia nzima ilikuwa imejaa kahawa, hata Brazil, tangu mwaka 1931, ilikuwa ikichoma magunia kwa mamilioni ili bei isianguke zaidi. Na ofisa aliyesema mambo ni shwari, mwaminini tu, naye alikuwa analinda kiti chake. Kila upande ulishika kipande cha ukweli, ukakizungushia tamaa au hofu yake.

Na anayetabiri je? Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na mwaka 1977 ratili moja ikapita dola 3 kwenye soko la New York. Mwaka 2001 ilikuwa chini ya senti 50. Katikati ya tarehe hizo wangapi waliapa kwamba bei haitashuka tena? Wengine waling’oa kahawa na wengine wakaipanda, kwa kufuata kiapo cha mtu.

Siku hizi vijana wa mlimani tunazungumzia pia hisa, maana soko la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Wimbo ni uleule. Hisa za benki ya NMB ziliuzwa kwa shilingi 600 mwaka 2008, na kufikia mwaka 2014 zilikuwa zimepita 2,000. Za Vodacom ziliuzwa kwa shilingi 850 mwaka 2017, na miaka iliyofuata zikauzwa chini ya hapo. Hizo ni namba, unaweza kwenda kuzihakiki. Ila “nunua, itapanda tu” si namba. Aliyekwambia hivyo huenda tayari anazo na anatafuta wa kumwuzia, au analipwa kamisheni. Si lazima awe mwongo. Hata anayeipenda kampuni kwa moyo wote anaona faida zake na kuzifumbia macho hasara.

Basi, mwandishi mwenzangu, usiache kusikiliza vijiweni. Huko ndiko hadithi zinakozaliwa. Nenda na daftari. Upande mmoja andika kilichopimwa: tarehe, kilo, shilingi. Upande wa pili andika nani kasema nini, na yeye mwenyewe ana nini ghalani au mfukoni. Halafu, kabla baba hajapeleka gunia kwenye mizani au kaka hajatoa akiba yake ya hisa, wasomee kurasa zote mbili.