Sehemu ya 6: Kabla ya sindano, penseli

 Wengi mliniuliza: mtoto akiona tu sare nyeupe anapiga kelele kliniki nzima inasikia, tufanyeje? Leo nawajibu kwa historia kidogo, mnivumilie.

Chuoni tunafundishwa jina la Florence Nightingale mpaka tunaliota. Ila kuna kipande chake watu wanakiruka. Kwenye kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 aliandika kwamba kutazama ukuta uleule siku zote kunamtesa mgonjwa, na kwamba rangi na vitu vizuri vinagusa mpaka mwili wenyewe, siyo mawazo tu. Alishawaona wagonjwa wa homa wakifurahia shada la maua ya rangi kali.

Mwaka 1938 mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, alilazwa kwa kifua kikuu. Enzi hizo dawa ya kuua vijidudu vya TB haikuwepo, unalala tu miezi unangoja. Akawa anachora vitu vilivyo karibu na kitanda. Baadaye akawafundisha na wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 akaipa kazi hiyo jina: tiba ya sanaa.

Na kwetu? Picha za Tingatinga mnazijua. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya vibao, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki 1972, miaka minne tu! Wengi hawajui kwamba aliwahi kuwa mhudumu wa wodi pale Muhimbili. Mwenzetu kabisa.

Sasa yangu. Nilipoanza kazi, mahali sitapataja, mtoto wa sindano tulikuwa tunamshika watu watatu, tunachoma, basi. Ukutani kulikuwa na bango moja tu, la kipindupindu, lina mtu anatapika. Kulikuwa na mtoto wa miaka minne, nimonia, sindano kila siku. Yule alikuwa halii kwa sindano kwanza, alikuwa analia kwa lile bango. Nahisi aliona ndicho kinachomngoja. Siku ngapi nilipita pale bila kuligeuza? Bado linaniuma.

Siku ya tatu, nguvu zimeanza kurudi, nikampa kalamu na boksi tupu la glavu. Akachora kiboko. Mtoto wa Katavi atachora nini kingine! Sindano ilipofika alilia, siwadanganyi. Ila aliyemshika alikuwa mmoja, mama yake.

Kwa hiyo mkija kliniki, kwenye mkoba pamoja na kadi weka penseli na kipande cha karatasi. Aanze kuchora mkiwa kwenye foleni. Dawa haingoji mchoro uishe, zamu yake ikifika mlete. Na usimwambie "haiumi", akigundua umemdanganya safari ijayo hatakuamini. Mwambie, "Itauma kidogo, halafu tunarudi kumalizia mkia wa kiboko."